Msumeno Mrefu na Mlango wa Jikoni

Watu wakitaka kununua pawasoo huja kwangu Kibomet, hapa Kitale, kuniuliza wachukue ipi, na karibu wote wakifika huwa wameshaamua. Wanataka kubwa. Mtu ana miti sita ya grevilea kwenye mpaka wa shamba, kuni anazohitaji ni za chai na githeri, lakini anataka msumeno wa injini wa kumaliza msitu wote wa Mlima Elgon. Mimi humwambia achukue mdogo, wenye upanga mfupi, yaani ile bapa ya chuma inayobeba cheni. Msumeno mzito hauna taabu saa tatu asubuhi. Taabu yake huanza saa nane mchana, mikono inapotetemeka nawe hutaki mtu aone.

Akinisikiliza, na wengi hawanisikilizi, namwonyesha namna ya kuchanganya petroli na oili. Namwonyesha kunoa kila jino kwa tupa ya duara bila kuchoka njiani, maana cheni iliyonolewa upande mmoja hukata kwa kupinda. Mwisho namwambia auzunguke mti mzima kabla ya kuwasha. Mzima, narudia. Hapo mke wangu, akiwa karibu, huinua macho na kunitazama kidogo, kisha huendelea na kazi yake. Yeye anajua nilijifunzia wapi.

Mke wangu ni Mbukusu, kwao ni karibu na Lugulu. Sisi ni Wakikuyu. Babu yangu alitoka upande wa Nyeri akaja kulima Trans-Nzoia, na hapo ndipo tumekuwa. Kwetu mama mkwe ni mama. Utamheshimu, lakini utakula nyumbani kwake na atakucheka ukimwaga mchuzi. Kwao ni tofauti. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Jikoni kwake ndiko kabisa. Hukaribii, na mlango ukiwa wazi huutazami. Mke wangu alinieleza haya yote kabla ya safari yangu ya kwanza kwao, nikacheka. Nilipoona yeye hacheki, nikaacha.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi nilimjua mama mkwe wangu kama sauti nyuma ya ukuta. Nilimsikia akimuuliza binti yake kama nimeshiba, kama barabara ilikuwa mbaya, kama kile kikohozi changu kimepona. Kuku akichinjwa, firigisi ililetwa kwangu, na nilijua nani ameitenga. Tukirudi Kitale tulibebeshwa njugu na ndizi. Mimi nilimtumia sukari, leso, na mara moja radio ndogo ya betri, na nikaambiwa ameiweka karibu na jiko na haruhusu mtu aiguse. Tulipendana hivyo, kwa kutumiana vitu. Nilizoea, na kusema kweli niliona ni pendo lisilo na makelele, linalomfaa mtu kama mimi ambaye kutwa nzima masikio yake yamezibwa.

Kando ya jiko hilo, kijumba kilichojitenga na nyumba kubwa, kulikuwa na msaiprasi mkubwa uliopandwa na marehemu baba mkwe. Baada ya mvua za masika ya mwaka juzi ulianza kulala, taratibu, kuelekea jikoni. Shemeji yangu alinitumia picha kwa WhatsApp, zote zimepigwa akiwa amesimama getini. Nilituma neno kwamba mama ahamishie mapishi nyumba kubwa mpaka nifike. Jibu likaja kupitia kwa mke wangu kwamba mama amekataa, ati jiko ni lake na mti ni wa mume wake, na hao wawili hawajawahi kumdhuru. Kuanzia siku hiyo, kila mawingu yalipojikusanya, mke wangu alipiga simu nyumbani kuuliza mama yuko wapi. Jibu lilikuwa lile lile kila mara, kwamba yuko jikoni. Nilimwona akikata simu na kukaa na mkono juu ya kifua, na nikajua lazima niende.

Nilikuwa na misumeno miwili. Ule mdogo ni rafiki yangu, najua hata anavyokohoa asubuhi za baridi. Ule mkubwa wenye upanga mrefu huwa nautumia kwenye mashamba ya wenye miti minene. Msaiprasi wa mama ulikuwa wa kuweza kukatwa na mdogo, lakini ningelazimika kukata kutoka pande mbili, na upande mmoja ulikuwa wa jikoni. Ningesimama hatua mbili kutoka mlango wa mama mkwe, nikiinama na kuinuka hapo kama mtu wa nyumba. Nikapakia mkubwa, ambao upanga wake ungepita mti mzima nikiwa nimesimama upande wa pili. Nilimwambia mke wangu ni kwa sababu mti ni mnene. Sasa ninyi mmejua, mimi niwakemeaye watu kwa kuchagua msumeno kwa kiburi, niliuchagua wangu kwa kuona haya.

Tulishuka barabara ya Webuye na pikapu ya kuazima, barua ya ruhusa ya kukata ikiwa imeshapatikana. Asubuhi yake mke wangu akaenda Bungoma mjini, ambako dada yake ana kibanda sokoni, kununua nyama na mchele. Mkwe hawezi kuja kukata mti akapewa sukuma wiki, alisema. Mama aliondoka akaenda kukaa kwa jirani, ng'ambo ya ua, kwa usalama na kwa heshima pia. Shemeji na wanaume wawili wa jirani walishika kamba niliyoifunga juu mtini, wakasimama mbali ndani ya nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, ambako nilitaka mti uangukie.

Nikaanza kuuzunguka mti. Niliugonga kwa kisogo cha shoka upande wa geti, ukaitika vizuri. Niligonga upande wa nepia, vizuri. Upande wa nyuma, vizuri. Nilipofika kona ya jikoni mlango ulikuwa wazi, nikaona sufuria mbili, kigoda chake, na ile radio. Nikageuka haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mwenyewe. Nikajaribu kutokea upande wa pili, nikageuka tena, na robo hiyo ya mti sikuiona wala sikuigonga. Nilijiambia pande tatu zinatosha kumhukumu mti, na nikavuta kamba ya kuwashia.

Nilikata kwanza mdomo, ile kabari kubwa unayoitoa upande ambao unataka mti uelekee. Unga wa mbao ulitoka wa manjano, unanukia vizuri, halafu ncha ya upanga ilipofika mbali, upande wa jikoni, unga ukageuka kahawia na kuwa laini kama kahawa. Niliuona. Fundi yeyote anajua maana yake, kwamba ndani kumeoza. Nikajidanganya kwamba ni gome, nikapita nyuma ya mti na kuanza mkato wa mwisho.

Hapo nikaona leso ya kijani mbele yangu, pembeni kidogo, mahali ambapo sikuweza kukosa kuiona. Najua mnangoja niseme nilizima injini. Sikuizima. Nilifanya nilichofundishwa kwa zaidi ya miaka kumi, niliinamisha macho chini nikangoja mama mkwe apite. Kidole kilikuwa bado kwenye kifyatulio, cheni inazunguka, masikio yamezibwa, na mimi natazama udongo kwa adabu. Niliona miguu yake, bila viatu, na vumbi la mbao likiiangukia. Haikupita. Ilikuja karibu zaidi, na mkono ukanishika juu ya kiwiko.

Nilizima. Kule kwenye nepia shemeji alisimama na kamba mikononi. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile katika boma lile, na mimi mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi pale aliposhika, ingawa hakushika kwa nguvu. Alinivuta kwa kiwiko hicho, akanizungusha mti, hatua nane au tisa, mpaka mbele ya mlango wa jiko lake. Aliondoa gunia kuukuu na vijiti vilivyoegemezwa kwenye shina. Nyuma yake kulikuwa na tundu, kutoka kwenye mizizi mpaka usawa wa kiuno changu. Akachukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauingiza ndani.

Uliingia mpaka begani. Hakukuwa na mti mle, ni vumbi na majani makavu tu, na chini kabisa vidole vyangu vikagusa yai. Lilikuwa na joto bado.

"Kuku yangu inatagia hapa tangu mwaka jana," akasema. Hiyo sauti niliijua, lakini sikuwa nimewahi kuisikia bila ukuta katikati. "Nimekuona nikiwa kwa jirani. Unazunguka, ukifika hapa unarudi. Harafu unazunguka tena, unarudi. Nikajua ni juu yangu. Sasa wewe mtoto, unataka kufa juu ya kuniheshimu?"

Nilimtazama usoni, maana sikuona tena sababu ya kutotazama, na nikakuta paji la uso la mke wangu, lile lile, na macho yaliyojaa hasira na machozi kwa pamoja. Nililia. Ningeweza kusingizia vumbi la mbao, lakini nilivaa miwani ya kazi.

Niwaeleze tu nilichokuwa nakifanya, ili mjue alichoniokoa nacho. Mti ukiangushwa vizuri huachiwa ukanda wa mbao ambao haujakatwa, unaoushika na kuuongoza unapolala. Ukanda wangu upande wa jikoni ulikuwa hewa na mayai. Ningeongeza vidole vinne tu vya kukata, kamba ya shemeji isingesaidia kitu. Mti ungejipinda, ungeshuka juu ya jiko, na mimi ningekuwa njiani. Mke wangu angerudi kutoka Bungoma na nyama ya kupikia matanga.

Mama alikusanya mayai kwenye leso yake, saba, akarudi kwa jirani bila kuniaga. Mti tuliufunga kamba nyingine mbili na kuuacha. Kesho yake trekta ya shamba la karibu iliuvuta kwa waya mrefu, sote tukiwa mbali, na kweli ulijaribu kugeukia jikoni kabla ya kukubali kulala kwenye nepia. Tawi moja lilikunja mabati mawili ya jiko, basi. Siku tatu zilizofuata nilipasua kuni kwa msumeno mdogo, uliotumwa kutoka Kitale kwa gari la abiria. Nilizipanga kuni hizo kwenye ukuta wa jiko kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna aliyeniambia nisikaribie.

Lakini jambo lilikuwa limefanyika na watu walikuwa wameliona. Mashangazi wa mke wangu walikuja, wanne, wakakaa na mama nyumba kubwa. Mimi nilikaa nje nikinoa cheni ambayo tayari ilikuwa kali. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama aliulizwa kama hakuwa na mtu wa kumtuma. Aliwajibu kwamba aliita akiwa uani mara tatu na ile mashini ikala sauti yake yote. Aliulizwa kama angeweza kurusha jiwe. Akasema yeye hawezi kumrushia mwanawe jiwe. Shangazi mkubwa akasema basi jambo hili litengenezwe inavyotakiwa.

Kwao kuna njia ya kulitengeneza. Kila mmoja humpa mwenzake zawadi mbele ya watu, wanapeana mikono mara moja, na tangu hapo wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Nilirudi mwezi uliofuata na blanketi zito la rangi ya maziwa, ambalo mke wangu alilichagua na kulirudisha dukani mara mbili. Mama alinipa jogoo na kikapu cha njugu. Shangazi mkubwa alisema maneno machache kwa Kibukusu, watu wakaitikia, na mke wangu akanisukuma mgongoni nisogee.

Nilinyoosha mkono wa kulia, nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimeambiwa ni salamu ya mara moja, kisha unaachia. Aliupokea, akaugeuza kiganja juu. Watu walingoja aachie, na mimi nilingoja, lakini yeye aliinama karibu kwa sababu macho yake si mazuri tena, na taratibu, kimoja baada ya kingine, akavigusa vidole vyangu vyote vitano. Kisha akauomba mkono wa kushoto, akavihesabu na hivyo pia.