Stika Chini ya Plasta

Rumaitha anauza kompyuta Madungu, karibu na skuli ninayosomesha, na sidhani kama Chake Chake nzima kuna mtu aliyetukanwa kistaarabu kama yeye. Wateja humwamkia vizuri, humuulizia wazee wake, kisha huinama kutafuta stika ya prosesa. Wakiikosa ile ya jina kubwa, huchukua mikoba yao. "Tutarudi, inshaallah." Hawarudi. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mwaka juzi. Nikanunua ya jina kubwa Unguja, kwa bei iliyonifanya niahirishe kuezeka jiko, na kazi yake mpaka leo ni kuandika mitihani ya darasa la nne. Sijivunii.

Prosesa ndiyo akili ya kompyuta. Rumaitha alikuwa na mashine zenye prosesa ya jina dogo, zinazofanya kazi ileile kwa pesa pungufu. Mtaani wakaziita feki. Duka la kompyuta likishaitwa la feki kisiwani kwetu, bora uuze urojo.

Ndipo akaja Mzee Ngwali, wakala wa tiketi za boti kule Mkoani, pamoja na karani wake Siti. Alitaka kompyuta sita za ofisi mpya, na kila mwenye biashara alikuwa akimtazama atanunua wapi. Akivuka kununua Unguja, duka la Rumaitha ndiyo limekwisha.

"Bi Rumaitha, mie nataka zile za jina," alisema kabla hata ya kukaa. "Sitaki mashine inikwamie na abiria wako dirishani."

"Mzee wangu, weye umekagua karafuu miaka mingapi?"

"Thalathini na ushei."

"Ulikuwa ukisoma maandishi ya gunia?"

Mzee alicheka. Kabla ya tiketi alikuwa mkaguzi kwenye kituo cha kununulia karafuu, na gunia alikuwa halitazami kabisa. Alizamisha mkono mpaka chini, akatoa konzi, akanusa, akavunja karafuu moja kwa kucha. Isipolia, ni mbichi, urudi nayo kwenye jamvi ukaianike tena, hata uwe mtoto wa nani.

Rumaitha akaleta mashine mbili, moja yake ya jina dogo na moja ya jina kubwa aliyoletewa kutengeneza, akafunika stika zote kwa plasta, hii hii ya vidonda. "Haya, kagua."

Siti akaingiza majina ya abiria, akafungua orodha, akachapa tiketi, kwanza huku, kisha huku. Mzee alisimama nyuma yake na saa mkononi. Mimi nilikuwa nimefuata wino wa printa tu, nikasahau hata kipindi changu cha saa tano.

"Hino ya kushoto," akasema mwisho. "Nyepesi kidogo kwa kazi. Cha jina hakijifichi, yakhe."

Akabandua plasta mwenyewe. Lilikuwa lile jina dogo. Siti akajifanya anapanga karatasi. Mzee akauliza bei, akaambiwa, akauliza tena.

"Ntachukua sita," akasema. "Lakini unibandikie stika za lile jina jengine. Wageni wangu wataona nini siku ya ufunguzi?"

Stika hizo Rumaitha anazo droo nzima, kazibandua kwenye mashine zilizokufa. Hapo nilishika roho. Sita! Ningekuwa mimi, ningezibandika na pasi ningezipiga.

Rumaitha akaivuta droo, akazitazama, akaifunga tena. "Sibandiki, Mzee. Miaka mitatu wananiita wa feki, na mie nnajua ni uongo. Nikibandika moja tu, itakuwa kweli."

Mzee Ngwali akatoka bila kuaga, Siti nyuma yake. Rumaitha akakaa, macho yamemjaa machozi. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya zaidi. Nikalipia wino nikaondoka.

Asubuhi ya pili Siti akaja na gari. Mzee anazitaka sita, kama zilivyo.

Siku ya ufunguzi nilikuwepo, kwa ajili ya halua. Mgeni mmoja akainama kama kawaida yao, akauliza hizi kompyuta za jina gani.

"Za Rumaitha," Mzee akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja karafuu ya daraja la kwanza.

Tangu hapo dukani hapana pa kusimama. Wiki iliyopita aliingia Mmanga, mwenye duka la vitambaa Tibirinzi, anataka mbili, za Rumaitha. Akaombwa akae azijaribu.

"Ya nini kujaribu? Jina lako lanitosha."

Nilimwona Rumaitha akitabasamu, furaha imemjaa, na ni haki yake.

"Jina hilo nimelingoja miaka mitatu," akasema, akamvutia kiti. "Kaa ujaribu, kaka. Sikuuzii jina."