Gunia Lililorudi na Mshono Wake

Shazia yangu ni ya chuma, imepinda kidogo kwenye ncha, na aliyenipa ni mama mkwe wangu. Kwa shazia hiyo nimeshona magunia ya udaga ya hapa Murangi tangu mume wangu akiwa hai. Udaga ni muhogo uliomenywa, ukavundikwa, ukaanikwa juu ya mawe mpaka ukakauka. Huku kwetu ugali ndio huo.

Gunia likishajaa, mwingine angefunga mdomo akaenda zake. Mimi nilikuwaga naanza kazi hapo. Nasimamisha vijiti pembeni, nazungusha kamba ya katani kama wavu, naendelea kupanga vipande kimoja kimoja juu ya mdomo mpaka gunia linaota mabega na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Lori lilikuwa likitoza nauli kwa gunia, halikuuliza uzito. Kwa hiyo mwanamke aliyeshonewa na mimi alipeleka mali ya gunia moja na nusu kwa nauli ya gunia moja. Waliniletea kazi hata kutoka vijiji vya mbali. "Bibi, nipandishie kichwa," wanasema, na mimi napandisha.

Majina yao wote ninayo. Ninayo na ya watoto wao, na ya waume waliowakimbia. Kusoma nilisoma kidogo, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hapa sitaliandika hata moja, kwa sababu unga tunanunua duka moja.

Dereva wa lori hilo alikuwa mwanangu, kitinda mimba. Nilimpa jina la baba yangu, na kwetu mtoto aliyebeba jina la baba yako ni baba yako. Akinisalimu, "Shikamoo mama," naitika, "Marahaba, baba." Alipokuwa mdogo sikumchapa hata siku moja. Nani anamchapa baba yake?

Lori lenyewe lilikuwa la tajiri mmoja wa Musoma. Mwanangu alipakia udaga na dagaa hapa, akashuka Musoma mjini, akapita njia ya Butiama mpaka Bunda. Kurudi alileta mchele, maharage, sukari, na unga wa mahindi kwa wale wasiopenda wa muhogo. Wiki haikuisha bila yeye kulala kwangu mara mbili. Dada zake wameolewa mbali, baba yao nilishamzika, kwa hiyo sauti ya mwanaume katika nyumba yangu ilikuwa hiyo moja.

Siku ninayotaka kuieleza, tulikuwa na magunia barabarani tangu asubuhi. Yote nilishona mimi. Na langu mwenyewe lilikuwemo, refu kuliko yote, maana mshonaji hawezi kutoka na gunia la aibu. Mwanangu alifika, akashuka, akayazunguka bila kugusa. Akanivuta pembeni.

"Mama, hizi siwezi."

"Huwezi nini? Juzi umebeba."

"Juzi mizani haikuwepo. Wameleta ile ya kuhama, leo iko hapa kesho iko kule. Gari ikizidi, tunashikwa mimi na tajiri. Tena lumbesa yenyewe imekatazwa. Wafungue vichwa, tupakie gunia za kawaida. Zitakazobaki nitazifuata."

Wanawake walisikia. Jirani yangu wa mbele, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa, akapiga kofi. "Tufungue vichwa? Basi tufungue na vilemba kabisa!"

"Anaogopa chuma," mwingine akasema. "Dereva gani anaogopa chuma na yeye amekalia chuma?"

"Mwacheni, bado hajaoa, hajazoea mizigo."

Wakacheka. Na yeye alicheka, lakini tela hakulifungua. "Mama zangu," akasema, "mizani haina masihara. Hapana." Alikuwa amekataa mara mbili, mara moja kwangu na mara moja mbele ya watu.

Hapo ndipo niliposema. Nilisema kwa sauti, ili wasikie kwamba mwanangu si mwoga na mimi si mama wa mwoga. "Baba yangu alibeba wagonjwa mgongoni mpaka misheni ya Nyegina. Hakuacha mzigo wa mwanamke njiani hata siku moja. Wewe una jina lake, na una gari juu yake."

Aliniangalia. Halafu akaenda nyuma ya lori akashusha ubao. "Pakieni."

Siku ya tatu alirudi kwa bodaboda, kakumbatia gunia langu kwenye siti ya nyuma. Akalishusha, akaliingiza ndani, akalisimamisha kwenye kona karibu na mtungi.

"Limerudi," akasema.

"Na gari?"

"Iko Musoma. Funguo anazo tajiri."

Nilimtoa maneno mengine kidogo kidogo, kama anayetoa miiba. Mizani ilikuwa imewekwa mbele ya Butiama, njia ya Bunda. Uzito ulizidi. Wakashusha magunia mpaka ukafika wa kuruhusiwa, na la kwanza kushushwa lilikuwa langu kwa urefu wake. Tajiri alilipa faini yake, akamwambia basi, kazi imekwisha. Mwanangu alikula, akalala, asubuhi akanitengenezea bawaba ya mlango wa jikoni. Nilikaa nikisubiri aseme, "Ni wewe." Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakusema. Angenitukana ningepona.

Kazi haikukawia kumtafuta. "Siku hizi mwenye leseni ya gari kubwa anatafutwa kama mganga," aliniambia. Wazee wa kazi macho yamekwisha, hawapewi tena leseni. Vijana wanaona kozi ni ndefu na ghali, wanakimbilia bodaboda. Na makampuni ya safari ndefu, yale ya kuvuka mpaka, yanatakiwa yawapumzishe madereva, kwa hiyo gari moja linataka watu wawili. Wakampigia simu wenyewe. Alifunga begi moja. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akasema, "Mama, kaa vizuri," nikaitika, "Haya." Neno baba lilinikwama. Nilikuwa nimelitumia vibaya, sikuona tena kama ni langu.

Tajiri akatafuta dereva mwingine, akakosa. Lori likakaa. Kijijini udaga ukarundikana majumbani, na dukani vitu vikaanza kupanda. Mwenye duka alinieleza vizuri, ni kijana wa adabu. "Bibi, mimi sipendi. Zamani lori moja lilileta kila kitu, nauli inagawanyika kwenye mali nyingi. Sasa nakodi kipikapu, kinabeba kidogo, kinaenda mara tatu. Ile nauli siwezi kuila mimi. Inaingia kwenye unga." Akachota kopo la unga, akalikata juu kwa kiganja mpaka likawa sawasawa. Zamani alikuwa akiongeza kiganja kimoja cha nyongeza kwa kila mteja. Hakuna aliyetangaza kwamba nyongeza imekwisha. Mkono tu uliacha kurudi.

Sikuwa na cha kumlaumu. Kichwa cha gunia na nyongeza ya kopo ni ndugu.

Wanawake ndio walinibadilikia. Zamani nikifika ziwani na ndoo wananipa nafasi. Sasa wananyamaza, halafu jirani yangu wa mbele anaanza.

"Shikamoo, Mama Dereva."

"Marahaba."

"Mchele umeuona dukani?"

"Nimeuona."

"Sisi tumeuona kwa macho tu. Mwanao anakula kuku huko mipakani, ametuacha tunatafuna furu na miba yake."

"Vijana ndivyo walivyo," mwingine anapokea. "Ameonja lami ndefu, Murangi anaiona inanuka."

Nilijitwika ndoo nikaondoka. Na hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu: alikataa, mimi nikamlazimisha. Lakini nilifikiri, nikiyasema, nitakuwa nimebaki na nini? Mwana ameondoka, na kazi ya shazia imekwisha, hakuna wa kuleta gunia. Heshima ya mshono ndiyo iliyokuwa imebaki. Kwa hiyo nilimwacha mtoto wangu asemwe, kila siku, miezi, na mimi nasikiliza. Jioni nakaa na lile gunia. Utacheka nikikwambia: nilikuwa nanunua unga wa kopo kwa bei ile ya kuumiza, na gunia zima la udaga limesimama kwenye kona yangu. Sikuweza kulifungua. Mshono ulikuwa wangu, mzima, kama nilivyouacha.

Kisha binti yangu anayekaa Kabasa, pale Bunda, akajifungua, nikaenda kumwona. Basi lilipita Musoma mbele ya uwanja wa tajiri, nikaliona lori. Matairi yamelala, kuku wanachakura vumbi chini ya injini. Tulipovuka Butiama, kondakta akasema, "Hao mizani hao." Nikasogea dirishani.

Mimi nilidhani mizani ya magari ni kitu cha kutisha. Ni vibao viwili vya chuma chini, vyembamba kama mlango uliolala. Lori lilikuwa linapanda taratibu, tairi za mbele, halafu za nyuma. Mwanaume mwenye koti la kung'aa hakuinua hata macho kuangalia mzigo. Aliangalia namba tu. Maisha yangu yote nilishona nikiamini wanaume wa barabarani wanahesabu magunia, na asiyehesabu vichwa tumemshinda akili. Kumbe kile kibao hakina macho. Ningeshona kwa uzuri gani? Na mwanangu alikuwa anakijua. Alipanda pale akijua, jina la babu yake limemkalia shingoni.

Niliporudi nikangoja siku ya sala ya jumuiya. Tulisalia kwa jirani yangu wa mbele, kwenye kivuli cha ukuta, wanawake tisa na mzee mmoja mwenyekiti. Tukafika kwenye maombi ya kila mtu. Mwenye nyumba akaomba, "Tuwaombee vijana wetu waliosahau nyumbani, na wale waliotuletea njaa, Bwana awarudishe akili." Wote wakaitika, "Ee Bwana utusikie." Na mimi mdomo wangu ukaitika pamoja nao. Ndipo nikasimama.

"Mimi sina ombi," nikasema. "Nina neno. Yule kijana hakutusahau. Siku ile alikataa mara mbili, mlikuwepo. Mimi nikamfunga kwa jina la baba yangu. Magunia yaliyomshikisha ni haya," nikaonyesha mikono yangu. "Kama kuna wa kusemwa kwa ajili ya unga, nisemwe mimi."

Mwenyekiti akatazama kitabu chake. Halafu mwenye nyumba akasema, taratibu, si kwa sauti yake ya ziwani, "Bibi, kwani tulikuwa vipofu? Kila mtu alikuwepo. Gunia nne zilikuwa zangu, mimi ndiye niliyekwambia uzidishe kichwa."

"Sasa mbona mnamsema?"

"Si hayupo." Akajifuta uso na kanga. "Tungemsema nani? Wewe unapita hapa kila siku. Na sisi wenyewe, kila usiku tunalala na nafsi zetu."

Tukamaliza sala. Walinipa mkono mmoja mmoja, na mmoja akanifungia viazi viwili kwenye jani. Nilidhani nitarudi nyumbani mwepesi. Nilirudi, nikafungua mlango ule wenye bawaba aliyoitengeneza, na ndani palikuwa kama nilivyopaacha. Unga haukushuka bei kesho yake, na barabarani hakukupita lori.

Simu yake ilikuja Jumapili, mchana. Alikuwa kwenye foleni ya mpakani, nasikia magari yanaunguruma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

Nikamweleza.

"Ungenyamaza tu, mama. Mimi huku sisikii."

"Mimi ndiye nilikuwa nasikia. Utakuja lini?"

"Mwenzangu wa zamu ameacha kazi. Nikishuka, hakuna wa kupanda. Wakipata mtu, nitaomba likizo."

"Wakipata."

"Ndiyo. Wakipata." Halafu akauliza, "Na lile gunia?"

"Lipo."

"Lipo vipi? Mpaka leo? Mama, litaingia wadudu."

"Nalitunza mpaka uje."

"Usitunze. Lifungue, ule. Huo unga wa kopo uache, nimesikia bei yake. Fungua leo."

Ilikuwa sauti ya mtu anayetoa amri, lakini bila ukali, kama mwenye nyumba. Siku ile ya kupakia alisema vivyo hivyo, "Wafungue vichwa," na hakuna aliyemtii.

"Haya, baba," nikasema.

Nikasikia honi nyuma yake, mtu anamhimiza asogee. "Foleni inatembea, mama," akasema, na simu ikakatika.

Nilichukua kisu cha jikoni nikaanza juu, kwenye utosi. Kamba ya katani ilikuwa imekaza, mkono wangu ule wa zamani ulikuwa na nguvu. Nikachomoa vijiti. Nikashusha vipande kimoja kimoja, nikipuliza unga wa wadudu, maana walikuwa wameshaanza. Kichwa peke yake kilijaza beseni mbili. Nilikaa chini nikaziangalia. Hizo beseni mbili ndizo nilizomlazimishia kwa jina la marehemu baba yangu.

Nikavitandaza vile vipande juani, juu ya mawe, vikauke tena kabla ya kwenda kusaga. Kisha nikarudi ndani nikachukua shazia. Gunia lililobaki lilikuwa limejaa hadi ukingoni, limekaa kama magunia ya watu wengine. Nikalifunga mdomo kwa mshono mmoja, wa chini, bila kichwa, nikalisogeza karibu na mlango, tayari kwa lori litakalopita.