Mguu Uliokataa Matuta

Jumamosi. Ukungu umekaa mpaka saa nne, kisha manyunyu.

Mwanangu, wewe unayeanza kulea, kuna siku moja ya kupanda viazi ambayo siisahau, ingawa ningependa. Nilikuwa baba kijana, najua machache, sauti kubwa. Binti yangu Esta, wa miaka kumi na miwili, alitembea vizuri tu kwenda shule, barabara tambarare. Akiingia shambani juu ya matuta, anachechemea. Nikaona nimemkamata.

"Bibi harusi, unakanyaga mayai?" nilimwambia mbele ya majirani. Wakacheka. "Mguu gani huu unaumwa siku za jembe tu?"

Nikamtwisha ndoo ya mbegu. Hatua chache, kifundo kikapinda, akaanguka. Hakulia. Aliokota viazi kimoja kimoja.

Niseme haki: mama yake alikuwa amenionya mara mbili. Hata mzee anayekanda viungo hapa kijijini alikataa kumkanda. "Huku si kuteguka, baba Esta. Mpeleke hospitali."

Hospitalini Makambako, daktari alishika kisigino chake akajaribu kukipeleka kulia na kushoto. Hakikwenda. Akamsimamisha kwa ncha za vidole. Unyayo ukabaki bapa, haukujikunja kama inavyotakiwa. Kisha akanigeukia.

"Baba, anaumia wapi zaidi? Njia nzuri, au penye mabondemabonde?"

"Kwenye matuta tu," nikajibu, nikidhani namshtaki.

"Basi umenisaidia sana."

Picha zikaonyesha mifupa miwili ya nyuma ya mguu imeungana. Kasoro ya kuzaliwa, akasema, hukakamaa mtoto anapokua. Kwenye tambarare mguu unavumilia. Kwenye matuta unatakiwa kupinda, nao haupindi. Kumbe ushahidi wangu wote ndio uliokuwa ugonjwa wake. Nilitazama sakafu.

Alifungwa plasta wiki kadhaa, akavaa soli maalumu. Maumivu yaliporudi, wakampasua na kuondoa kile kipande kilichoishika mifupa pamoja.

Sijui kama mtu kama mimi ana haki ya kushauri. Ila mtoto akisema hapa anaumwa, pale haumwi, usidhani ni ujanja. Muulize, mwangalie, mpeleke mapema. Na ukikosea, omba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Mimi nilimwomba Esta chumbani, mlango umefungwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa sauti.

Jioni tumekula viazi na maharage. Viazi kavichimba Esta, kwenye matuta yale yale.