Matundu Mawili ya Faili

Wiki iliyopita nilifungua faili la kijani ninalolihifadhi kabatini, hapa Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja. Ndani yake zimo barua za mume wangu kutoka Somalia. Kila moja ina matundu mawili pembeni, isipokuwa moja. Nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa sekretari katika ofisi moja ya Jinja. Ukizoea kazi ile, huwezi kuona karatasi bila kuitoboa na kuitia kwenye faili. Mkono hujifanyia wenyewe. Mume wangu alipelekwa kulinda amani mahali ambapo simu ilishika kwa nadra. Kwa hiyo aliandika, na wenzake waliokuja likizo walituletea bahasha.

Kila barua ilikuwa ya mama yake kwanza. Aliishi Nabuyonga, kule Mbale, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Yeye Mgisu, mimi Msoga, kila mmoja na lugha yake. Lakini marehemu mumewe alikuwa askari magereza, basi Kiswahili cha kambini kilitutosha. Bahasha ikifika niliipeleka Mbale bila kuifungua, nikamsomea, akaipapasa kidogo, kisha nikarudi nayo Jinja kuitoboa.

"Polepole, karani," alizoea kunitania. "Mimi si bosi wako."

Kisha redio ikatangaza kwamba kambi yao imeshambuliwa. Wiki sita zikapita bila barua wala simu. Mama hakuwa na redio, ila alianza kutuma watu waniulize: mbona kimya?

Jumamosi moja nilichomoa barua ya zamani kwenye faili, nikaitia katika bahasha mpya, nikaibandika gundi. Nilijiambia namtafutia usingizi.

Nilimsomea. Alicheka palipochekesha. Kisha akanyoosha mkono, nami nikampa. Vidole vyake vikateremka ukingoni mwa karatasi, vikasimama.

"Hii ina matundu."

Niliikunja bahasha tupu mikononi.

"Barua mpya haina matundu mpaka uifikishe kwako. Wewe mwenyewe ulinieleza kazi yako mpaka masikio yakachoka." Safari hii hakuwa akitania. "Amekufa?"

"Sijui, Mama."

"Kweli hujui?"

"Kweli. Kambi yao imepigwa. Tangu hapo sijasikia kitu."

Aliilaza barua ile mapajani, akainyoosha kwa viganja.

"Haya," akasema mwishowe. "Sasa tuko wawili tusiojua. Ulibeba peke yako kama punda, kwa nini? Nenda ukamenye ndizi, tule."

Wiki mbili baadaye askari mmoja kijana aliyevaa kiraia alinikuta ofisini, akanipa bahasha. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko nisioujua.

"Afande, aliyeandika hii ni nani? Mume wangu yuko wapi?"

"Mimi nimekabidhiwa tu uwanja wa ndege, Entebbe, madamu. Simjui."

Ningeweza kuifungua palepale. Niliomba ruhusa, nikapanda gari la Mbale, bahasha ikiwa kwenye mkoba niliokuwa nimeubana kwa mikono miwili. Mara mbili njiani nilishika kona ya gundi, mara mbili nikaiachia. Nilishamdanganya mama yule. Nisingejua kabla yake tena.

"Mama, mwandiko si wake," nilimwambia mlangoni.

Aliichana mwenyewe. Akapitisha kidole ukingoni mwa karatasi, juu mpaka chini, kisha akarudia.

"Haina tundu. Soma."

Nikasoma. "Mama, mwenzangu ananiandikia hii hospitali, maana mkono wa kulia umefungwa bandeji. Msiogope. Daktari amesema nitarudi nyumbani..."

"Rudia hapo."

Nilirudia. Alinirudisha hapo mara nne, na mara ya nne alikuwa akisema maneno pamoja nami. Nilipofika mwisho nikanyoosha mkono kuichukua.

"Hii haiendi Jinja," alisema, akaikunja na kuitia kifuani. "Utaitoboa."

Tulipomzika Mama, mwaka jana, mume wangu aliikuta chini ya mto wake, imelainika kama kitambaa. Alinikabidhi kwa mkono wa kushoto, ndio anaotumia siku hizi. Nimeiweka katika faili juu ya nyingine zote, ndani ya bahasha yake.