Jibu Nililoandika kwa Mkono

Mimi ni mtu nisiyejua kungoja. Hata chai siiachi ipoe. Kila asubuhi naunguza ulimi, na kila asubuhi naapa kuwa ni mara ya mwisho. Basi fikiria nilivyoteseka miaka ile ya vita, nikiwa fundi wa kompyuta kwenye duka la intaneti pale Rohero, katikati ya mji, dishi moja juu ya paa na wateja kumi wakinipigia meza. Ukitaka tu kujua ni seva gani inayopokea barua pepe za kampuni fulani ya nje, swali lilipanda angani, likazunguka huko likijisikia, na umeme ukikatika kabla ya jibu unaanza upya.

Nikabuni njia ya mkato. Kwenye seva yetu nilifungua faili, nikaandika kwa mkono majibu ya majina yaliyoulizwa sana: jina hili, barua zake peleka seva ile. Basi, hakuna tena kuuliza ng'ambo. Jina la kwanza kuliandika lilikuwa la kampuni ya usafirishaji kule Lusaka, alikokuwa akifanya kazi kaka yangu mkubwa tangu akimbie vita. Barua za kwenda kwake zikawa zinatoka kufumba na kufumbua. Nikajiona mwerevu kuliko walionifundisha.

Mwaka uliofuata baba alifariki, na kaka akapata habari. Kwetu msiba hauishii kaburini. Baada ya miezi mingi ndugu hukusanyika kwa ajili ya kuganduka, ndiyo siku ya kuvua msiba kabisa: mwana wa kwanza anasema mbele ya watu, mjane anavua nguo za msiba, watu wanakunywa, maisha yanaendelea. Mama, nyumbani kwetu Kamenge, alipanga siku, nami nikamwandikia kaka. Hakujibu. Nikaandika tena, na tena, zikafika barua nne. Hakuna iliyorudi, hakuna iliyojibiwa.

Kisha ikaja barua fupi kutoka kwake: Hamjambo huko? Mbona kimya? Kuhusu kuganduka, hata neno moja.

Niliichapa nikampelekea mama. Baba mdogo alikuwepo, akaisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma, kana kwamba maneno mengine yamejificha huko.

"Anajifanya hajui," akasema. "Hataki kuya. Iko wazi."

"Labda niulize tena," nikasema.

"Apana," akasema mama. "Mutoto hawezi kubembelezwa aomboleze baba yake. Mumuache."

Kwetu mtu hakatai kwa mdomo. Anakusalimia, anakuuliza habari za mvua, nawe mwenye akili unatakiwa kuelewa. Tulielewa. Kumuuliza waziwazi ingekuwa aibu kwetu na kwake. Mimi nilikasirika kuliko wote, hata ile salamu yake sikuijibu. Nilizunguka na hasira hiyo kifuani wiki nzima, nikigombana na wateja bila sababu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kuganduka, bosi alinitaka nikague majina yote ambayo wateja walilalamika kuwa barua hazifiki. Nilikuwa nimepata maktaba ya Perl, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili sisi tusihangaike, ya kuuliza rekodi za majina ya mtandao. Mistari kama kumi hivi ya programu na kazi imekwisha: unaipa jina, inakuletea seva ya barua. Kwenye orodha nikaongeza jina la kampuni ya kaka, kwa majaribio tu, au kwa hasira, sijui. Mizinga ilikuwa inasikika upande wa milimani, na wateja wanaendelea kuchapa.

Majibu yakaja, yote mazuri. Ningeishia hapo, lakini umeme ulikatika, jenereta ikagoma, na mimi siwezi kukaa bure. Nikasoma maelezo ya maktaba ile niliyokuwa nimeyachapa. Kumbe usipoiambia kitu, inauliza seva iliyo karibu, yaani yetu wenyewe. Ukitaka, unaweza kuielekeza iwaulize wenye majina.

Umeme uliporudi nikaielekeza hivyo. Majina karibu yote yalitoa jibu lilelile. La Lusaka likatoa jingine. Kampuni ilikuwa imehamisha barua zake kwenye seva mpya miezi mingi nyuma. Ile ya zamani ilikuwa bado hai, inapokea kila kitu kwa adabu na kukitia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Na juu ya jibu letu kulikuwa na alama ambayo seva huweka inapodai: jina hili ni langu, sibahatishi. Seva yetu ya Rohero ilikuwa inaapa kwamba yenyewe ndiyo mwenye kampuni ya Lusaka. Niliyeifundisha kuapa ni mimi.

Nilifuta ule mstari kwenye faili, nikamwandikia kaka. Hata nusu saa haikupita, jibu lake likafika.

Kuganduka ya baba? Jumamosi hii? Mbona mnaniambia leo?

Nilikwenda nyumbani mchana uleule. Mama alikuwa anaonja pombe ya mtama, mitungi imeshajaa. Nikamwambia yote. Hakuelewa seva, lakini alielewa haraka zangu.

"Kwa hiyo hakuitwa," akasema.

"Hakuitwa, mama. Ni mi."

"Pombe imeisha kuiva, na watu wameitwa. Haiwezi kungoja." Akafunika mtungi. "Utasema we mwenyewe mbele yao."

Nilisema. Jumamosi, baada ya baba mdogo kushika nafasi ya kaka, nilisimama nikaeleza kwamba kaka hakukataa, mimi ndiye niliyezipoteza barua. Watu wakacheka kwa upole: ee, hizi mashini! Wakarudi kwenye mirija yao ya pombe. Nilitaka kupiga kelele kwamba mashini haikukosea kitu.

Mama hakuvua nguo za msiba. Majirani walipomuuliza kulikoni, alijibu, "Mwanangu mumoja bado hajafika," na akaendelea kuzivaa wiki baada ya wiki, nikimpita mlangoni kila asubuhi nikienda kazini. Nadhani sijawahi kuona aibu kama ile.

Kaka alifika na meli ya mizigo kutoka Mpulungu, bandari ya kusini mwa ziwa. Mama alinituma mimi bandarini. Nilianza kumweleza habari za faili na rekodi kabla hata hajatua begi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo nimeelewa," akasema. "Lakini we, ulisadiki kwamba mi naweza kukataa?"

Wapagazi walikuwa wanatupita na magunia, wanatufokea tupishe njia. Ningeweza kusema apana.

"Nilisadiki," nikasema.

Akalichukua begi lake mwenyewe, akatangulia.