Sahani ya Ngano kwa Askari wa Shaba

Stamena alikuwa mkaidi tangu utotoni. Mama yake mwenyewe alisema hivyo, na wenzake wa kiwanda cha jibini waliongeza mengine yasiyoandikika. Aliolewa mara moja, akaachika, na katika yote hayo hakumwomba mtu radhi.

Baba yake, Dimo, alikwenda vitani Hungaria yeye akiwa tumboni, na huko mtoni Drava akabaki. Hakuna kaburi. Mji ulipojenga mnara wa mashujaa, fundi sanamu aliazima kwa mama yake Stamena picha ya pekee ya marehemu, akampa sura ile askari wa kushoto kati ya watatu wa shaba, kisha picha yenyewe akaipoteza. Mama mtu alilia mpaka akaugua. Stamena, msichana wa shule wakati huo, alipanda kwenye jukwaa la mawe, akamtazama yule askari usoni na kusema, "Basi tutaonana hapa."

Toka hapo akawa wake. Alimsugua kumwondolea kinyesi cha njiwa, akampaka nta ya vipande vya mishumaa ya kanisani. Na kila Jumamosi ya Wafu, wanawake wenzake wakipanda makaburini na ngano yao ya kuchemsha, yeye alishuka uwanjani na yake. Ngano ile, yenye sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, hugawiwa yeyote apitaye. Aliyepewa hula, akasema "Mungu amrehemu". Kukataa ni kumtukana maiti.

"Shangazi Stamena, baba yako kanenepa mwaka huu!" vijana wa mkahawani walimtania.

"Afadhali yeye. Nyie mnakonda kwa umbea."

Kisha utawala ukabadilika, na naibu meya Kamburov akatangaza kwamba sanamu zitahamishiwa bohari. Wote walijua kwamba nyuma ya bohari hiyo kuna tanuru la kuyeyushia vyuma. Stamena alimfuata ofisini.

"Mama, zile ni sanamu za utawala uliopita," Kamburov alimwambia.

"Baba yangu hakuwa utawala. Alikuwa fundi viatu."

"Zitaondoka tu."

"Tutaona."

Bwana mkubwa yule, kwa haraka zake, aliagiza kreni ije Jumamosi ili barabara iwe tupu, asijiulize ni Jumamosi gani. Mama yake angekuwa hai angemzaba kofi.

Stamena alipofika na bakuli lake, mkanda wa kreni ulikuwa umeshafungwa shingoni mwa Dimo. Kamburov alikuwa kando, akisimamia kazi. Kwenye usukani alikaa Tsvyatko, mtoto wa Radka, shoga yake wa kiwandani aliyefariki majira ya kuchipua.

"Shuka, mwanangu."

"Shangazi, usinitie matatani. Nimetumwa."

"Sijakukataza kazi. Nimekuletea ngano ya Dimo. Utaikataa?"

Tsvyatko alimtazama Kamburov, akatazama bakuli, akashuka. Alikula kijiko kimoja. "Mungu amrehemu," akanong'ona.

"Na makaburini, nani kampelekea Radka leo?"

Kijana akainama. Hakuna aliyempelekea. Stamena akajaza kijiko cha pili. "Haya, kula hii kwa ajili ya mama yako."

Alikula huku machozi yakimtoka, mtu mzima yule, na alipomaliza alipanda jukwaani akaanza kufungua mkanda.

"Wewe! Unafanya nini?" Kamburov akafoka. "Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze, mzee. Nimekula ngano ya mtu, halafu nimvute kwa shingo? Panda mwenyewe."

Wanawake walikuwa wanateremka kutoka makaburini na mabakuli yao. Walipoona mkanda unaning'inia, hawakuuliza. Mmoja mmoja walikuja kusimama mbele ya askari wale watatu, wanawake wale wale waliokuwa wakimcheka Stamena miaka yote. Hakuna aliyemcheka sasa.

Stamena akamwendea Kamburov na kumnyooshea kijiko.

"Kula, bwana."

"Mama, tusifanye mchezo wa kuigiza hapa."

"Au kataa. Kataa mbele ya hawa, halafu ukapite mtaani kwenu."

Kamburov aliwatazama wanawake wale, na mmoja wao alikuwa shangazi yake wa damu, amekunja uso. Akakipokea kijiko, akatafuna, akameza kwa taabu.

"Mungu amrehemu," akasema chini chini.

"Nani?"

"Mama, jamani..."

"Ana jina. Mungu amrehemu nani?"

"Dimo," akasema Kamburov. "Mungu amrehemu Dimo."

Akageuka na kwenda zake, na Tsvyatko akairudisha kreni nyuma taratibu.

"Ukileta nyingine Jumatatu," Stamena akampigia Kamburov kelele mgongoni, "ngano ninayo gunia zima!"

Kisha akafungua chupa ya divai aliyomletea marehemu, akaimwaga yote juu ya buti za shaba.

"Umesikia, baba?" akasema. "Kakutaja kwa jina lako."