Masale ya Babu Ndani ya Msitu

Mama yangu ana ng'ombe mmoja na ubishi wa ukoo mzima. Kila asubuhi alichukua mundu na kamba, akapita nyuma ya kihamba chetu cha migomba, akaivuka bikoni ya mpaka wa msitu kana kwamba ni kisiki tu, akaenda kukata majani. Bikoni inasema mwisho ni hapa. Mama anasema mwisho ni masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, aliyopanda baba yake kule juu, enzi ambazo wanakijiji waliruhusiwa kukata majani na kuokota kuni hadi pale. Mpaka ulihamishwa, masale hayakuhama. Nilimweleza hadi nikachoka.

Ningemwacha, ila mimi nakula kwa msitu huohuo. Naongoza wageni kwenda kwenye maporomoko, nawaonyesha mbega, nawaonya wasing'oe hata jani. Siku moja, onyo likiwa bado mdomoni, mama akatokeza njiani na mzigo kichwani, askari wa msitu nyuma yake.

"Huyu si mzazi wako?" askari aliniuliza. "Nikimkuta tena, kibali chako cha kuongoza wageni nakichukua."

"Kwani nimeiba?" mama akadakia.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Jioni nikafanya jambo ambalo kwetu Uchaggani halifanyiwi mzaha: nilikata jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mikono miwili. Anayeombwa kwa isale hakatai, hata awe na donge la namna gani.

"Mama, nakuomba, usivuke tena."

Alilitazama weee. "Umeniweza," akasema, akalipokea.

Hakuvuka tena. Alininunia, na kazi ya kupandisha majani kutoka tambarare ikawa yangu. Kila mzigo aliunusa, akaguna. Hayo niliyavumilia. Lakini siku moja akauliza, bila hasira yoyote, "Kwa hiyo nikitaka kuyaona masale ya baba, niingie kama mgeni?"

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi niliingia naye msituni pamoja na wageni wangu, mkononi ana fimbo badala ya mundu. Tulipofika kwenye masale, wageni waliinua simu kuwapiga picha mbega. Mama akainama, akaanza kung'oa magugu yaliyoyasonga masale ya baba yake. Yule askari, aliyekuwa doria hapo, alimwona, kisha akanitazama mimi.

Mimi, niliyetoka kuwaambia wageni wasing'oe hata jani, nikatazama juu na kuwaonyesha mbega mwingine.